Kivuli Kisichoonekana

Jua halina adui wala kipenzi. Huangaza shamba la tajiri na la maskini kwa kadiri moja. Huivisha mtama wa mwenye shukrani na wa asiye nayo. Lakini wema wake, kama ulivyo wema mwingi duniani, umechanganyika na madhara, na mwanadamu tangu kale ametafuta njia ya kuupokea wema na kuyaepuka madhara. Ndiyo maana ya kofia, ya mwavuli, ya paa la makuti, na ya mti uliopandwa mbele ya nyumba. Vyote hivyo hutoa kivuli, na kila kivuli kina kasoro moja: kinapozuia ukali wa jua huzuia na mwanga wake. Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji wangu, habari za kivuli cha namna nyingine. Ni utando mwembamba wa plastiki uliopakwa chembe ndogo mno za madini, ambao hupitisha nuru tunayoiona na kuzuia nuru tusiyoiona. Jambo hili ni kazi ya mikono na akili, na kijana yeyote anayesoma kemia na fizikia kwa uangalifu anaweza kulielewa.

Pengine utauliza: nuru isiyoonekana ni nuru gani? Swali hilo lilijibiwa zamani. Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyeishi Uingereza, aliupasua mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, rangi zake zikajitandaza kama upinde wa mvua. Akaweka vipimajoto penye rangi hizo, akakuta kwamba kipimajoto kilichokaa nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana kitu, ndicho kilichopanda zaidi. Mwaka uliofuata Johann Wilhelm Ritter, kijana wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 24, aliona si haki upande mmoja wa upinde uwe na siri na wa pili ukose. Alichukua karatasi iliyopakwa kloridi ya fedha, dawa igeukayo nyeusi ipatapo mwanga, akaiweka nje ya rangi ya urujuani. Karatasi ikasawijika pale upesi kuliko penye rangi zote. Miale aliyoigundua Ritter ndiyo tunayoiita leo miale ya urujuanimno.

Nuru hupimwa kwa urefu wa mawimbi yake, na kipimo chake ni nanomita. Ukiikata milimita moja vipande 1,000,000 vilivyo sawa, kila kipande kitakuwa nanomita moja. Jicho la mtu huona mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 hivi. Yaliyo mafupi kuliko 400 ndiyo urujuanimno. Tena kanuni ya nuru ni hii: wimbi likiwa fupi, nguvu yake huzidi. Mawimbi mafupi kuliko nanomita 280 huishia katika hewa ya juu, nasi tumesalimika nayo. Yale ya 280 hadi 315 hupunguzwa sana na ozoni, walakini hayaishi. Yale ya 315 hadi 400 hufika chini kwa wingi. Haya mawili ya mwisho ndiyo yaunguzayo ngozi, yaletayo mtoto wa jicho, yapaushayo nguo kambani, na yaulayo plastiki.

Sisi wa Kenya tumepewa fungu letu na zaidi. Ikweta imepita katikati ya nchi yetu, na jua la adhuhuri hutusimamia utosini. Kadhalika watu wengi na mashamba mengi yako katika nyanda za juu. Mtu apandapo mita 1,000 miale hii huongezeka kwa sehemu kama 10 katika kila 100, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Ziwa Naivasha liko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na Kinangop kuko juu kuliko hapo. Baridi ya kule hudanganya. Mtu hujifunika koti akadhani jua ni pole, kumbe miale isiyoonekana inamwangukia kwa ukali kuliko imwangukiavyo mvuvi wa Lamu anayetokwa na jasho. Joto ni jambo moja na urujuanimno ni jambo jingine. Anayepima moja kwa lingine hukosea hesabu.

Sasa tuitazame plastiki. Mwaka 1933 wataalamu wawili, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wakijaribu gesi ya ethileni chini ya shinikizo kubwa mno katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza. Chomboni wakakuta kitu cheupe kama nta ambacho hawakukitafuta. Kilikuwa polithini. Polithini ni polima, maana yake ni minyororo mirefu ya atomu za kaboni zilizoshikana mkono kwa mkono, maelfu kwa maelfu. Urefu wa minyororo hiyo ndio uipao plastiki unyumbufu wake. Mwaka 1948 Profesa Emery Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, ambaye hakuwa na fedha za kujenga nyumba ya vioo ya kukuzia mimea, alitumia utando laini mahali pa kioo. Kutokana na fikira hiyo ya mtu aliyebanwa na gharama vimetokea vivungulio vya plastiki vilivyoenea ulimwenguni, pamoja na vile vyeupe uvionavyo ukiteremka kwenda Naivasha, ambamo waridi hukuzwa kwa ajili ya masoko ya Ulaya.

Mnyororo mrefu una udhaifu wake. Katika utando wa polithini hapakosi takataka chache zilizoingia wakati wa kuutengeneza, na sehemu chache zilizokwisha kushikana na oksijeni. Sehemu hizo hupokea miale ya urujuanimno, nayo miale ina nguvu ya kuvunja kifungo kati ya atomu na atomu. Pakivunjika kifungo kimoja hubaki ncha iliyo wazi, yenye njaa ya kushika kitu. Hushika oksijeni ya hewa, kisha hunyang'anya mnyororo wa jirani, na jirani naye huachwa na ncha wazi. Uharibifu huambukizana hivyo kama uvumi kijijini. Minyororo mirefu huwa mifupi, unyumbufu hutoweka, na utando uliokuwa ukinyumbuka kama ngozi huvunjika kama jani kavu.

Habari hii kwangu haikuanzia kitabuni. Shangazi yangu ni mkulima wa Nyandarua. Alichukua mkopo katika chama cha akina mama, akajenga kivungulio cha miti na plastiki, akapanda nyanya. Mwuzaji mmoja alimwahidi kwamba plastiki ile ingekaa miaka mitatu. Katika mwaka wa pili, mkopo ukiwa haujaisha, ilianza kupasuka pale ilipolalia fito. Halafu upepo wa usiku mmoja ukaikamilisha kazi. Mvua ilipoingia ndani, nyanya zilishikwa na ukungu, na karo ya binamu yangu ya muhula ule ikawa imeingia ukungu pamoja nazo. Nilipofika alinipa kipande cha plastiki mkononi. Nilikikunja, kikakatika. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, niambie: kitu hiki kimeugua ugonjwa gani? Panya hawakukitafuna, moto haukukigusa, wala sisi hatukukivuta."

Msomaji, kuna maswali yanayoulizwa na walimu, na kuna maswali yanayoulizwa na maisha. La mwalimu ukilikosa hupungukiwa alama. La maisha likikosa jibu mtu hupungukiwa chakula. Swali la shangazi lilikuwa la namna ya pili. Lilinifuata hata nilipopata nafasi ya kusaidia kazi katika maabara ya chuo kimoja, ambako tando za plastiki zilikuwa zikipakwa madini. Nitakusimulia niliyoyaona huko, kwa sababu ndani yake mna jibu.

Lakini kwanza tuwatendee haki waliotutangulia. Umepata kujiuliza kwa nini matangi mengi ya maji juu ya mapaa yetu ni meusi, na mipira mingi ya maji shambani ni meusi pia? Weusi ule si wa urembo. Ni masizi safi ya kaboni yaliyochanganywa katika plastiki, na chembe zake zina upana wa makumi ya nanomita tu. Kaboni hupokea miale yote, inayoonekana na isiyoonekana, ikaigeuza kuwa joto kabla haijaifikia minyororo. Kwa hiyo jina la nano ni jipya, ila kazi yenyewe ni ya siku nyingi. Tatizo ni kwamba tangi linaweza kuwa jeusi lakini kivungulio hakiwezi. Mmea ulio gizani hufa. Watengenezaji wa plastiki ya vivungulio kwa hiyo hutia dawa za kikaboni zisizo na rangi. Dawa hizo ni njema, na plastiki iliyotiwa kiasi cha kutosha huishi miaka kadhaa. Walakini zina udhaifu: nyingine huhama taratibu kutoka ndani zikapotea juu, na nyingine huharibiwa na salfa ambayo wakulima wa waridi huitumia kupigana na ubwiri. Madini hayahami, wala hayaogopi salfa kwa kiasi kile. Hapo ndipo fikira za wataalamu zilipogeukia oksidi ya zinki, oksidi ya titani, na oksidi ya siri.

Oksidi ya zinki ni unga mweupe ambao mama wengi wameupaka watoto wao katika marhamu. Tabia yake ni ya ajabu. Ndani yake elektroni zimekaa chini, na juu yao kuna daraja tupu. Kati ya chini na juu hamna mahali pa kusimama. Chembe ya nuru yenye nguvu kidogo haiwezi kuirusha elektroni hadi daraja la juu, na kwa kuwa hamna mahali pa katikati, nuru ile hupita bila kupokewa. Chembe yenye nguvu ya kutosha huirusha, na yenyewe humezwa. Kwa oksidi ya zinki mpaka wa nguvu hiyo uko karibu na nanomita 370. Mawimbi marefu kuliko hapo hupita. Mafupi kuliko hapo humezwa. Fikiria bawabu mlangoni asiyemtazama mtu uso wala nguo, ila humpima kimo tu: aliye mrefu apite, aliye mfupi azuiwe. Bawabu huyo hapokei rushwa na hachoki.

Utasema: ikiwa unga huo hupitisha nuru inayoonekana, mbona ni mweupe, tena haupenyeki kwa macho? Swali lako ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha kazi nzima. Weupe hautokani na kumeza nuru, bali na kuitawanya. Unga wa kawaida una punje zenye upana unaokaribiana na urefu wa mawimbi ya nuru, na punje za namna hiyo hurusha nuru huku na huku, kama ukungu wa asubuhi. Punje zikipunguzwa hata zikawa ndogo sana kuliko wimbi, kutawanya hupungua kwa haraka ya kushangaza, lakini kumeza kunabaki. Chembe yenye upana wa nanomita 5 ni ndogo kiasi hiki: unywele mmoja wa kichwa una upana wa nanomita kama 80,000. Nuru inayoonekana hupita penye chembe hizo kama mawimbi ya bahari yapitavyo penye kijiti, nazo hazijishughulishi nayo.

Jinsi ya kuzipata chembe hizo ni hivi. Chumvi iitwayo asetati ya zinki huyeyushwa katika ethanoli yenye uvuguvugu. Katika chombo kingine huyeyushwa hidroksidi ya sodiamu, nayo pia katika ethanoli. Cha pili humiminwa katika cha kwanza polepole, tone kwa tone, huku mchanganyiko ukikorogwa bila kusita. Hapo atomu za zinki na oksijeni huanza kukutana, na maelfu ya mbegu ndogo za madini huzaliwa kwa pamoja. Joto likizidi au muda ukirefushwa, mbegu hukua. Zikiachwa zikue mno hutawanya nuru, na utando huwa na ukungu. Zikikatizwa mapema mno, chini ya nanomita chache, mpaka wake wa kumeza husogea, na sehemu ya urujuanimno iliyotakiwa izuiwe huponyoka. Kwa hiyo mpikaji wa chembe hizi hutafuta kadiri, kama mpishi wa pilau atafutavyo kadiri ya maji: yakizidi ni uji, yakipungua ni kokoto.

Chembe zikisha kupatikana, taabu kubwa huwa mbele bado. Vitu vidogo hupenda kukumbatiana. Ukiziacha chembe za nano peke yake, hugandamana na kuwa madonge, na hesabu ya madonge ni kali. Chukua chembe 1,000 zilizo mbalimbali, kisha zigandamanishe ziwe donge moja lenye upana mara 10 wa chembe moja. Donge hilo hutawanya nuru mara 1,000 kuliko chembe zilezile zilivyotawanya zilipokuwa zimetengana. Madini hayakuongezeka hata chembe; kilichobadilika ni mkao wake tu. Ndiyo sababu watu wa maabara hutumia siku nyingi kuzitenganisha chembe kuliko kuzitengeneza. Huzivika nguo: dawa za jamii ya silani, ambazo kwa upande mmoja hushika madini na kwa upande wa pili hupatana na gundi. Chembe iliyovaa nguo hiyo haimgandi mwenziwe, nayo hutulia ndani ya gundi bila kutuama.

Nguo hiyo ina faida nyingine, nami naomba uizingatie. Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Japani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walieleza jinsi oksidi ya titani inapoangazwa kwa urujuanimno inavyoweza kuyatenga maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Maana yake ni kwamba madini yanapomeza miale hubaki na elektroni zilizochangamka, nazo zinaweza kushambulia kitu kilicho karibu. Kikiwa karibu ni maji, hutenga maji. Kikiwa ni plastiki, huila plastiki. Tazama hatari iliyopo! Mlinzi uliyemwajiri kuzuia mwizi anaweza kuwa mwizi mwenyewe. Dawa yake ni kuizungushia kila chembe ganda jembamba la silika au alumina, ili miale iingie na kumezwa, lakini elektroni zisipate njia ya kutoka. Zinki nayo huhitaji uangalizi wa namna hiyo.

Baada ya hayo hufuata kupaka. Polithini ina ngozi ya nta, na vitu vingi havishiki juu yake, kama maji yasivyoshika juu ya jani la myugwa. Utando hupitishwa kwanza chini ya cheche za umeme mwingi, ambazo hukwaruza ngozi ile kwa kipimo kisichoonekana na kuishikisha oksijeni kidogo. Njia hiyohiyo ndiyo hutumiwa kabla ya kupiga chapa kwa wino juu ya plastiki. Kisha gundi yenye chembe humwagwa juu, na fimbo ya chuma iliyozungushiwa waya mwembamba huburutwa kuisawazisha. Nafasi kati ya waya na waya ndizo zinazopima unene. Tabaka likikauka hubaki na unene wa elfu chache tu za milimita. Ukaushaji wenyewe hutaka tahadhari, kwa sababu polithini laini huyeyuka kwenye nyuzi kama 110 za sentigredi, na moto wa kukausha sharti ubaki chini ya hapo. Mwisho utando huwekwa katika mashine ipimayo ni nuru kiasi gani imepita katika kila urefu wa wimbi. Mstari wa kipimo huwa juu katika rangi zote, na ufikapo karibu na nanomita 370 huporomoka kama gari lililofika ukingo wa Bonde la Ufa.

Nilimchukulia shangazi vipande viwili, kimoja kilichopakwa na kimoja kisichopakwa. Kwa macho havikutofautiana. Nikawasha taa ndogo ya urujuanimno, ile ambayo wenye maduka hukagulia noti, nikamulika noti ya shilingi. Alama zake za siri zikang'aa. Nikaifunika kwa utando usiopakwa. Alama zikaendelea kung'aa. Nikaifunika kwa utando uliopakwa. Alama zikazimika kama mshumaa, ilhali noti yenyewe ilionekana vyema chini ya utando. Shangazi alicheka, akasema, "Kumbe kivuli kipo, ila macho yangu ndiyo hayakialikwi." Halafu akanyamaza kidogo, akauliza swali la pili: "Na nyuki je?"

Swali hilo ni la busara, na maabara nyingi zimelitolea jasho. John Lubbock wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1882, alionyesha kwamba siafu na jamaa zao huihisi miale ya urujuanimno. Aliwaangazia sisimizi, nao wakawahamisha watoto wao kutoka mahali penye miale hiyo. Baadaye ilijulikana kwamba nyuki huiona kama rangi, na maua mengi yana michoro ya urujuanimno ya kumwelekeza nyuki penye asali. Inzi weupe, wale wadudu wadogo wanaohamisha virusi vya nyanya, nao huitegemea miale hiyo katika kuruka. Wataalamu wa Israeli katika miaka ya 1990 walionyesha kwamba chini ya tando zinazozuia urujuanimno inzi weupe huwa wachache, na ugonjwa wa majani ya nyanya kujikunja na kuwa ya manjano huenea polepole. Hiyo ni heri kubwa. Lakini giza linalompoteza adui linaweza kumpoteza na rafiki, na nyuki aliyezaliwa kuona rangi tatu akapewa mbili huhitaji muda wa kuzoea.

Mimea yenyewe haina kauli moja. Waridi jekundu likipata urujuanimno kwa wingi pamoja na baridi ya usiku, kingo za petali zake huwa nyeusi, na mnunuzi hulikataa. Kwa hilo, utando unaozuia ni mwokozi. Biringanya kinyume chake: aina nyingine hutengeneza zambarau ya ganda lake kwa msaada wa miale hiyohiyo, nazo zikinyimwa hutoka zimepauka. Nyanya hujichavusha, na mkulima anaweza kuitikisa kamba yake asubuhi mahali pa nyuki. Matango ya aina nyingine na maboga humhitaji mdudu. Kwa hiyo hapana utando ulio mwema kwa kila shamba. Anayeuza utando mmoja kwa mimea yote ni sawa na daktari anayetoa dawa moja kwa maradhi yote.

Kuna na la baada ya kazi. Kile tunachokifanya kidumu kitadumu hata baada ya haja yetu. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti, mwaka 2017, kwa sababu ilikuwa haifi. Nasi hatuna budi kujiuliza utando ulioimarishwa utakwenda wapi siku ya kung'olewa. Zinki nayo, iliyo dawa juu ya ngozi, ni sumu kwa viumbe vya majini ikizidi. Tabaka likibanduka mashambani kandokando ya ziwa, mvua haitauliza ruhusa ya kulipeleka ziwani. Kwa hiyo kushika imara kwa tabaka, na kukusanywa kwa utando uliochakaa, ni sehemu ya ufundi wenyewe, wala si mambo ya kuachiwa wengine.

Nisikudanganye kwamba shangazi yangu aliezeka kivungulio chake kwa utando wa maabara. Kipande cha kiganja si paa, na kazi ya kukipanua kwa bei ya mkulima mdogo haijakamilika. Alinunua plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa, safari hii akitaka hati yenye maandishi ya muda wa dhamana. Alizifunga fito zake vitambaa vyeupe, kwa kuwa plastiki huoza upesi inapogusa kitu kilichopata moto wa jua. Mkopo wake wa kwanza aliumaliza kwa kuuza mbuzi wawili. Ujuzi haukumrudishia mbuzi hao. Ulimzuia tu asiuze wengine.

Nimekueleza mambo haya kwa urefu kwa sababu naamini wewe, usomaye kitabu hiki darasani, u karibu na kazi hii kuliko unavyodhani. Kemia ya asetati na hidroksidi unayo daftarini. Fizikia ya mawimbi unayo. Na jua la kufanyia majaribio unalo juu ya kichwa chako siku nyingi za mwaka, kwa wingi ambao nchi nyingi zenye maabara kubwa hazina. Plastiki iliyojaribiwa katika jua la mbali inaweza kushindwa katika jua letu, na wa kulipima jua letu ni sisi. Anza na jambo dogo: funga vipande vya plastiki mbalimbali juu ya paa, andika tarehe, uvikunje kila mwezi, na uandike kipi kimekatika kwanza. Daftari la namna hiyo, likiandikwa kwa uaminifu, lina manufaa kwa mkulima kuliko ahadi ya mwuzaji.

Tena likumbuke funzo lililo ndani ya chembe zenyewe. Kuzuia kila kitu ni rahisi. Ukuta huweza, na giza huweza. Kupitisha kila kitu ni rahisi pia, uwazi huweza. Kazi ngumu ni kujua lipi lipite na lipi lizuiwe, na kulijua kwa kipimo. Chembe moja ya zinki hulifanya jambo hilo kwa nuru, ikiwa haikugandamana na wenzake wala haikuachwa uchi ikaila nyumba iliyopewa kuilinda. Elimu nayo ni utando uliotandazwa juu ya maisha ya watu. Atakayeitandaza na apime kwanza jua la mahali, na mimea iliyo chini yake, na nyuki wanaoitembelea.